Pale Penye Barafu, Funga Mdomo

Wadogo zangu mnaosimulia filamu kwa Kiswahili, nyinyi wa simu na vyumba vilivyofungwa mapazia, nawaandikia nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Juzi nililetewa kwenye simu ile filamu yetu ya wezi wa barafu, ile nyeusi na nyeupe, imesimuliwa na kijana mmoja wa Kisauni. Jina lake silitaji, mwenyewe anajijua. Mwanzo alijitahidi, simnyimi haki yake. Lakini alipofika pale penye barafu, pale ambapo filamu nzima imeshika pumzi, akapiga mayowe, akatia na ngoma, akamsalimia mpaka shangazi yake wa Kiembeni. Kuna mtu hapa nyumbani aliniomba nizime. Sababu yake nitaisema mwisho, maana nikiisema sasa nitaandika matusi.

Mimi ni mstaafu. Msicheke. Mwanangu bado yuko chekechea na mimi sijafika thelathini, lakini kazi niliyoifanya haipo tena, na mtu ambaye kazi yake imezikwa yeye mwenyewe akiona ni mstaafu, hata kama ana meno yote. Nilikuwa msimulizi katika banda la video Likoni, upande wa Mtongwe. Banda lilikuwa mabati juu, mabati ubavuni, mabenchi ya mbao, tivi moja pana, deki, spika mbili, na mimi ubavuni mwa tivi nimekalia kreti la soda na maiki mkononi. Filamu zilikuwa za Kiingereza, za Kichina, za Kihindi. Wateja walikuwa makuli wa bandarini, mafundi, wauza samaki waliowahi kumaliza biashara. Walitaka kuambiwa kwa Kiswahili nani kamfanya nani nini, na walitaka kucheka. Basi.

Kazi ile ina adabu zake, na nyinyi hamna aliyewafundisha, kwa hivyo sikilizeni. Filamu unaiangalia kwanza peke yako, kisha unaiangalia tena sauti imezimwa, ujue uso wa nani unasema nini. Maiki unaiweka pembeni ya mdomo, si mbele, la sivyo kila herufi ya P inakuwa bomu. Karanga usile. Watu wa kwenye filamu unawapa majina ya kwetu, na majina yenyewe yasifanane: ukiwa na Karisa usiwe na Kazungu, maana mteja aliyechelewa atawachanganya na atakuuliza kwa sauti. Mji wowote wa Ulaya unauleta hapa. Benki inakuwa ya mjini, kiwanda kinakuwa cha Changamwe, tajiri anakaa Nyali. Na zaidi ya yote, usinyamaze. Msimulizi akinyamaza, wateja hupiga mabati kwa viganja, wote kwa pamoja, na mabati yakilia hivyo mwenye banda huingia mbio. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria kubwa. Nami nilikuja kujua kwamba ina mlango mmoja wa kutokea.

Aliyenionyesha mlango huo ni Mama Kadzo. Mama Kadzo aliuza viazi karai mlangoni pa banda letu, na kabla yangu yeye ndiye aliyekuwa na maiki. Alikuwa anakaanga kwa mkono mmoja, anasimulia kwa mwingine, na viazi havikuungua. Mwenye banda, Mzee Bakari, alimpa kazi hiyo kwa sababu alimsikia akiwaeleza wateja wa viazi mambo ya ndani ya filamu vizuri kuliko tivi yenyewe.

Kimombo alikitoa wapi mama wa Kaloleni asiyekwenda shule? Ujanani alimtumikia kikongwe mmoja wa Kizungu, mjane, kule Mkomani. Kikongwe yule alikuwa na filamu moja aliyoipenda, na kila alasiri baada ya chai walikaa wawili kuiangalia. Mwanzo Mama Kadzo alikuwa anasimama nyuma ya kiti na sinia. Mwisho alikuwa anakaa, na wanabishana. Kikongwe alipofariki, filamu alimwachia yeye. Ilikuwa kanda, akaja akaigeuza kuwa sidii, jalada lake lilishapotea zamani, na jina lake halisi hatujalijua hadi leo. Sisi tuliiita Wezi wa Barafu.

Ngojeni niwaambie uzuri wa filamu ile, maana najua mmeiruka mkiona haina rangi.

Mzee mmoja amefanya kazi maisha yake yote katika kiwanda cha barafu. Sisi tulimwita Mzee Karisa. Juu ya ghala lao la barafu, ghorofa ya pili, kuna ofisi ya sonara mkubwa, na ndani yake sefu ya chuma nzito kama lori. Mzee Karisa anaungana na watu wawili. Mmoja ni pande la mtu, tulimwita Bonge. Mwingine ni mwanamke anayepiga chapa katika ofisi ya sonara, tulimwita Zuhura. Wanataka ile sefu. Kuifungua hawawezi, na kuibeba kwa ngazi hawawezi, kwa sababu askari anakaa chumba cha pili mlango wazi. Watafanyaje?

Wanaishusha kwa barafu. Siku ya sikukuu, mchana, mji mzima uko barabarani, Mzee Karisa na Bonge wanapanga mapande ya barafu ghalani juu ya gari la mkono, moja juu ya lingine kama fundi anavyojenga ukuta, mpaka yagusane na dari. Kisha wanakata mbao za dari kuizunguka sefu. Sefu inabaki imekalia barafu. Wanamwaga chumvi, wanafungua madirisha joto liingie, halafu wanasubiri. Barafu inayeyuka, na sefu inashuka, polepole, bila hata mlio, kama bibi harusi anayeshushwa kitandani. Huko juu Zuhura amekuja ati amesahau mwavuli, na sasa anacheza drafti na askari ili asigeuze shingo. Anashindwa makusudi, kete moja moja. Ilikuwa filamu ya kwanza kwangu kuona mwanamke anaiba kwa kushindwa, na mwanamume anaibiwa kwa kufurahi.

Ukisema filamu hiyo ingekuwa bora na rangi, mimi nitakuuliza, barafu ina rangi gani? Katika filamu ya rangi barafu ni kitu cha kupozea soda. Katika hii, ghala lote ni giza, na mapande yale yanawaka kama taa. Uso wa Mzee Karisa unaonekana nusu tu, nusu iliyo upande wa barafu. Sefu ikishuka, ule mwanga unapungua, kwa sababu barafu ndiyo inayopungua. Yaani kadiri wanavyofanikiwa ndivyo giza linavyowaingia. Aliyeipiga picha ile hakuhitaji rangi. Alihitaji maji na dirisha.

Na hakuna anayesema neno. Hakuna muziki. Kuna tone la maji, tone, tone, na mara mojamoja kete ya drafti huko juu. Ndiyo hivyo kwa muda mrefu.

Mimi mara ya kwanza nilipojaribu kuisimulia, mbele ya Mama Kadzo peke yake, asubuhi banda likiwa tupu, nilifika pale nikamwaga maneno kama mwenye kumwaga ndoo. Nilisema sefu inashuka, nikasema Bonge anatoka jasho, nikamtungia Bonge na mpenzi Kipevu, nikaimba kidogo. Nilijiona fundi. Mama Kadzo alikuwa anamenya viazi. Aliinuka, akaja na kisu chake, akazima maiki kwa kidole gumba, akaniambia, "Nyamaza, watu wako kazini." Akarudi kumenya. Nilimuuliza, je, wateja wakipiga mabati? Akasema ndiyo maana yeye hajawahi kuthubutu kuisimulia mbele ya watu. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Sasa nije kwenye hasira yangu ya zamani, mama wa hasira zote.

Nilishika mimba. Aliyenitia alikwenda Malindi kutafuta kazi ya hoteli, na mpaka leo anaitafuta, kazi yenyewe imejificha wapi sijui. Nilibaki na tumbo na maiki, na ile maiki ndiyo iliyokuwa ikitulisha sote wawili. Tumbo lilipopanda, pumzi ikapungua. Mzee Bakari akaanza kusema, kwa adabu, maana mtu wa adabu ni yeye, kwamba wateja wanakuja kusikia vita, hawaji kusikia mtu akihema. Kulikuwa na kijana, Safari, mwenye koo la kuuza dawa sokoni. Alikuwa anautamani ule mkono wa maiki kama paka wa ferini anavyotamani samaki. Mzee Bakari hakunifukuza. Alisema Jumapili baada ya kanisa nichague filamu yoyote nitakayo. Nikiwashika watu hadi mwisho, maiki yangu. Wakiinuka, nimwachie Safari, niende nikapumzike. Neno lake hilo, kupumzika. Mwanamke mwenye njaa akaambiwa apumzike.

Nilichagua filamu moja ya kareti, mpya, nikaifanyia kazi wiki nzima, majina yote tayari, vichekesho tayari. Jumamosi Safari akaomba azibe pengo la alasiri, na akaipiga filamu hiyohiyo. Alichukua na majina yangu. Nilikuwa nimesimama nje nikila kiazi changu huku namsikia mbwa yule akichekesha watu kwa mdomo wangu.

Mama Kadzo hakunipa pole. Alifuta mikono, akafungua pindo la leso alipokuwa akiweka vitu vyake vya thamani, akatoa sidii. Nikamwambia hii haina rangi, wataniua. Akasema Safari hawezi kuiiba, kwa sababu Safari hajui kunyamaza. Nikamuuliza, na pale penye barafu?

"Pale unapajua," akasema.

Jumapili banda lilijaa. Msidhani ni mapenzi, watu wanapenda kumwona mtu akianguka. Mbele kabisa alikaa Musyoka, kuli wa Kipevu, mtu wa bara lakini wa Likoni kwa ukaaji, ambaye kila msimulizi alimwogopa. Musyoka akikuchoka alikuwa wa kwanza kupiga bati. Safari alisimama mlangoni amekunja mikono, amevaa shati la sherehe. Nikasema nami moyoni, umevaa mapema.

Picha ilipotokea, kelele zikaanza. Mmoja akasema tivi imekufa rangi. Musyoka akamwuliza Mzee Bakari kama amerudi kutumia makaa badala ya stima. Watu wakacheka sana, na kicheko cha namna ile ukikiacha kikapoa juu yako umekwisha. Nikamjibu kwenye maiki kwamba yeye Musyoka akitoka kazini amejaa vumbi la saruji hana rangi hata moja, na mkewe bado anamfungulia mlango. Kikageuka. Akacheka hata yeye, akakaa sawa. Lakini nilijua nimekopa, sijanunua.

Nilifanya kazi siku ile. Mzee Karisa nilimpa sauti ya mjomba wangu mwenye pumu, ili kuhema kwangu kuwe kwake. Hilo ni fundisho, mlishike: ukiwa na ila, mpe mtu wa kwenye filamu aibebe. Zuhura nikampa ulimi wa Kimvita, wa pole, wa kumvua mtu saa mkononi akishukuru. Bonge akawa Mgiriama mwenzangu. Walipoanza kupanga barafu, makuli walianza kubishana kama itahimili uzito, mmoja akasema itapasuka, mwingine akasema barafu nzito haipasuki, inazama. Nilijua nimewapata hapo. Wale ni watu wa mizigo. Maisha yao yote wameshusha vitu vizito wasivyovimiliki.

Kisha mbao zikakatwa, sefu ikakalia barafu.

Nikazima maiki.

Mnajua ile sauti ya kitufe kwenye spika kubwa, tak. Halafu hakuna. Watu wakadhani nimemeza mate. Wakangoja. Mtu wa nyuma akauliza msimulizi amezaa au nini. Bati moja likalia, likafuata la pili. Mimi nimeshikilia kreti kwa mikono miwili, macho kwenye tivi, na najua kabisa kwamba chakula cha mwanangu kiko kwenye mabati yale. Kidole kilirudi chenyewe kwenye kitufe. Nikakiondoa. Mzee Bakari akaingia mbio, akaenda moja kwa moja kwenye waya wa spika, akauchomoa, akaurudisha, akauliza kwa nguvu sauti imepotelea wapi.

Musyoka hakugeuka. Alikuwa ameinama mbele, mkono wake wa kulia uko hewani, kiganja chini, anaushusha taratibu, vile wanavyomwelekeza mtu wa kreni. Akasema, "Nyamaza mzee. Watu wako kazini."

Wallahi, na mimi ni Mkristo, nilitaka kulia. Musyoka hakuwahi kuzungumza na Mama Kadzo zaidi ya kuomba pilipili.

Mabati yakanyamaza. Na hapo, wadogo zangu, nikasikia kitu kilichokuwa kimo bandani mle miaka yote na sisi tumekifunika kwa midomo yetu. Sauti ya filamu yenyewe. Tone. Tone. Kete. Tone. Jua la mchana lilikuwa linachoma mabati, watu wanatiririka jasho, na wote wanaitazama barafu ikiyeyuka. Kuna mtu aliinua miguu kama sakafu imelowa. Mzee Bakari amebaki amechutama na waya mkononi. Hata aliyekuwa tumboni alitulia, jambo ambalo tangu azaliwe hajalirudia.

Sefu ilipogusa gari la mkono huko chini, banda zima likashusha pumzi kwa pamoja. Nikawasha maiki. Sikusema la maana, nilisema tu, "Haya, twendeni."

Mwisho wa filamu ile ndio uliowagombanisha watu Mtongwe wiki nzima. Wamefaulu, gari limeondoka, mali ni yao. Mzee Karisa anasimama. Anakumbuka maji. Ghala limejaa maji, na kesho wenzake wataingia alfajiri, watateleza. Amekausha sakafu ile maisha yake yote. Anarudi, anachukua tambara na ndoo, anapiga magoti. Watu wakamwambia aache, aende zake, Musyoka akamwita mjinga kwa Kikamba. Anakausha tu. Askari anashuka kujaza birika lake maji ya baridi, anamkuta. Wanajuana. Anamsalimia vizuri, kisha anamwambia, na hili nililisema kwa sauti ya chini kabisa, "Karisa, leo si zamu yako." Halafu wote wawili wanainua macho polepole kwenye dari, kwenye tundu.

Picha ikaisha. Hakuna aliyeinuka. Nilidhani wamekasirika.

Mzee Bakari hakunisifu, si mtu wa kusifu. Alitoka nje, akarudi na kiti chake mwenyewe, kile chenye egemeo anachokalia mlangoni kukatia watu tiketi. Akakiweka ubavuni mwa tivi. Akamwambia Safari abebe kreti la soda alitoe nje, na Safari, na shati lake la sherehe, akalibeba. Kisha akaniambia, "Kaa vizuri. Jumapili ijayo wataitaka tena."

Waliitaka. Nilisimulia hadi wiki ya kujifungua, na nikarudi na mtoto mgongoni. Safari naye nilimfundisha baadaye, kwa sababu hasira ni yangu lakini kazi si ya babangu. Banda limefungwa sasa, kila mtu ana banda lake mfukoni. Sina ugomvi na simu. Zimewapa nyinyi maiki bila kumwomba Mzee Bakari yeyote, na msichana mwenye mimba leo anaweza kusimulia amelala chali. Hilo nalipenda.

Lakini nilisema nitatoa sababu. Mama Kadzo anakaa kwangu. Macho yamefunga, ukungu mtupu, haoni hata mwanga wa mlango. Alasiri baada ya chai tunakaa, mimi naweka filamu ile, na mwanangu anakaa kati yetu. Mama Kadzo haihitaji sauti yangu. Anasikiliza matone. Kwa matone anajua sefu imefika wapi, barafu imebaki kiasi gani, uso wa Karisa umeingia giza kiasi gani. Mkono wake unashuka kidogokidogo juu ya goti. Sasa wewe wa Kisauni, nilimwekea yako, nikidhani atafurahi kusikia kazi inaendelea. Ulipoanza ngoma, mkono ulisimama hewani. Akaniuliza, "Sefu iko wapi?" Akanitaka nizime. Ulimtia upofu mara ya pili, na wewe ulidhani unachangamsha.

Wewe una sauti nzuri kuliko Safari na kuliko mimi, nimekusikiliza mpaka nikakasirika vizuri. Kwa hivyo panda feri, uje Likoni na simu yako tuisimulie upya. Kiti chenye egemeo ninacho, Mzee Bakari aliniachia banda lilipovunjwa, nitakupa ukikalie. Tukifika pale penye barafu nitakushika kidole. Na ukifungua mdomo, huyu mwanangu, ambaye hawezi kunyamaza kwa lolote lingine duniani, atakugeukia akwambie watu wako kazini.